Papa Fundi, Mchagua Mistari

Mara ya kwanza kumwona Papa Fundi, alikuwa amembeba kuku ambaye hakuwepo. Alisimama katikati ya chumba, mzee mnene mwenye kofia ya kufumwa, mikono ameikunja kifuani, anapambana na mabawa. Kuku akamponyoka. Akamfuata mpaka chini ya meza, akamkamata miguu, akainuka huku anahema, kisha akaketi, akashika penseli na kuanza kuchora kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikuwa mlangoni na bahasha yangu ya michoro, nimekuja kuomba kazi. Nilifikiri nimekosea nyumba.

"Ingia," akaniambia bila kuinua kichwa. "Ile kuku ilikuwa na kilo ngapi?"

Nikasema labda mbili.

"Bon. Basi niliibeba muzuri. Ikala pale mu kiti."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi katika studio ya katuni ya Makiso, mtaa wa Kisangani, na ndivyo nilivyoanza miaka yangu mingi ya kukaa kulia kwa mtu huyu. Jina lake nililijua baadaye na sitaliandika. Mtaa mzima ulimwita Papa Fundi, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho alikuwa akigeuka nyuma kutafuta nani anaitwa.

Studio ni neno kubwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililopiga kelele mvua ikinyesha, na Kisangani mvua hainyeshi kwa mapatano. Chumba cha mbele kilikuwa cha Trésor, kijana wa Basoko aliyekulia mtoni, mwenye mkono mwepesi kuliko mikono yote niliyowahi kuona. Yeye ndiye aliyebuni mwendo. Alichora brouillon, michoro ya haraka, karatasi baada ya karatasi, kila moja ikisogeza kitu kidogo: mguu, jicho, mkia wa samaki. Brouillon za Trésor zilikuwa na uhai mwingi na fujo nyingi vilevile. Mkono mmoja wa mtoto ungeweza kuwa na mistari mingi kama nyuzi za wavu uliochanika.

Sisi wa chumba cha nyuma tulipokea fujo hiyo. Unaweka brouillon juu ya sanduku la kioo lenye taa ndani, unaweka karatasi safi juu yake, na katika mistari yote ile unachukua mmoja. Mmoja tu. Kisha karatasi inayofuata, na inayofuata, mpaka mtoto ainuke, atembee, acheke. Kazi hiyo tuliiita kusafisha. Baada yetu ndipo zilipokuja rangi na kompyuta.

Watu hudhani kusafisha ni kufuata. Mimi pia nilidhani hivyo, na juma langu la kwanza nilifuata mistari ya Trésor kwa utiifu mkubwa, nikatoa watoto waliokuwa nadhifu na wafu. Papa Fundi aliziangalia karatasi zangu, akazirusharusha kwa kidole gumba ili aone mwendo, akazirudisha mezani.

"Kusafisha ni kuchagua," alisema. "Trésor ameandika mistari mingi sababu hajue gani iko ya kweli. Ni kazi yako kujua. Na kama mwili yako haijue, mukono yako itajua na nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na zile nyingine zote zilikuwa watoto wa hiyo. Hutasafisha mwendo ambao mwili wako haujaufanya. Kama mtoto katika mchoro anaruka mtaro, simama uruke. Kama anatwanga, nenda ukatwange. Ndiyo maana ya kuku. Nimemwona Papa Fundi, na tumbo lake lile, akitambaa kama paka chini ya dirisha. Nimemwona akilia machozi ya kweli mbele ya ukuta ili ajue mabega yanapanda wapi. Alipomaliza alijifuta uso na kuagiza chai.

Dirisha letu lilitazama barabara, kwa hiyo mtaa ulikuwa na maoni yake. Siku moja aliingia mama mmoja na mtoto mgonjwa mgongoni, akapiga magoti karibu na meza. Alikuwa amemwona mzee akianguka na kutetemeka, na sisi tumesimama kimya kumzunguka, akaamini hii ni nyumba ya maombi. Kumbe Papa Fundi alikuwa mbuzi aliyenyeshewa. Hakumcheka yule mama. Alimpa kiti na chai ya tangawizi, akamgusa mtoto paji la uso, kisha akamtuma Trésor awapeleke kituo cha afya kwa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na yeye mwenyewe akakaa dirishani mpaka Trésor aliporudi kusema mtoto amepewa dawa. "Maombi tutafanya pia," akasema, "lakini kwanza sindano."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na nadhani ndiyo sababu hatukumchoka. Alitaka mistari iliyo safi kama sahani ya mgeni, lakini shati lake lilikuwa na vumbi la penseli, chai na mafuta ya sombe, yaani kisamvu, tangu asubuhi. Alichukia gomu la kufutia. Alisema anayefuta sana hakuangalia vya kutosha. Hata hivyo alikuwa na gomu lake mwenyewe mfukoni, dogo kama punje ya hindi, na alipolitumia aligeukia ukutani ili tusimwone. Sote tulimwona. Mezani alituhubiria kwamba mwenda pole hajikwai. Barabarani hakuweza kungoja hata toleka isimame, alishuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, na magoti yake yalikuwa na makovu kama ya mtoto wa shule. Nilipomkumbusha mahubiri yake aliniambia kwamba yale ni ya mstari, si ya mzee anayekimbilia sala ya saa saba.

Baada ya mwili, mtihani wa pili ulikuwa mama wa kwanga. Huyu alikuwa na meza yake nje ya geti letu, kwanga, mikate ya mihogo, zimepangwa vizuri ndani ya majani, na samaki wa kukaangwa siku zilizobarikiwa. Alikuwa binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, aliyeolewa mjini. Papa Fundi alimletea kila sehemu iliyosafishwa. Alizishika karatasi mbele yake, akazirusha kwa kidole gumba, akamuuliza swali lile lile: "Mama, anabeba nini?"

Kama mama alijibu sawasawa, sehemu imepita. Siku nyingine alisema, "Papa Fundi, ile kitunga haina kitu. Mutoto anaibeba sawa kofia." Hapo tulirudi mezani sote, bila ubishi, kumwongezea kikapu uzito. Trésor alinung'unika kwamba tunafanya kazi ya siku tatu ili kumridhisha muuza kwanga. Papa Fundi alimjibu kwamba katuni haitengenezewi wachoraji, na kwamba mama yule amebeba vitu vizito kuliko Trésor na mimi tukijumlishwa pamoja.

Lazima nieleze habari ya dirisha, maana ni kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu. Umeme ukikatika, taa ya sanduku inakufa. Kazi haisubiri, kwa hiyo tulibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha na kutumia jua. Siku moja nilianza sehemu ndefu mezani, umeme ukaenda, nikaimalizia dirishani. Ilikuwa msichana wa filamu yetu anatembea na kikapu kichwani. Tulipoitazama kwenye kompyuta, msichana alianza vizuri, halafu akazidi kushuka. Alitembea huku anazama, taratibu, mpaka ungeapa kwamba ardhi ya Kisangani inamla. Trésor alicheka mpaka akatoka nje. Dirishani mkono unachoka, bega linashuka, na kila mstari unateremka unywele mmoja. Papa Fundi hakunigombeza. Alikaa akiitazama tena na tena kwa furaha isiyofichika, kisha akaweka sheria: sehemu iliyoanza mezani itamalizwa mezani, hata tukingoja umeme mpaka mbuzi aote mapembe mapya. Ile iliyozama hakuitupa. Aliitunza, na wageni wakija aliwaonyesha hiyo kwanza.

Sasa nifike kwenye maji.

Hakuna aliyechora maji kama yeye. Kingine chochote tuliweza kugawana, lakini maji yalikuwa yake. Alimwomba mama wa kwanga ammiminie maji mikononi polepole, akayaangalia yakigawanyika kati ya vidole. Alichuchumaa kando ya madimbwi. Alikaa masaa kwenye ukingo wa mto, mgongo kwenye ukuta wa ghala moja la zamani, akitazama mkondo unavyojikunja nyuma ya nguzo, na akirudi alichora mistari mitatu tu ambayo ulitaka kuinywa.

Na aliogopa maji kama paka. Tangu nimjue hakuwahi kupanda mtumbwi. Hofu hiyo aliitoa wapi hakusema, na mimi sikumuuliza, kwa kuwa kila mtu ana mlango wake ambao haufunguliwi kwa kugongwa. Ukuta wa ghala ulikuwa mgongoni mwake kwa sababu hiyo: mto usije ukamshika kwa nyuma, alisema, na hakuwa anatania.

Katika mji mwingine hofu kama hiyo isingemgharimu mtu chochote. Lakini Papa Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, Zaina, na Zaina aliolewa Lubunga, ng'ambo. Ukisimama beach, pale mitumbwi inapopakia watu, unaiona Lubunga vizuri, unaona nguo zilizoanikwa. Zaina ndiye aliyevuka. Kila wiki alikuja na bakuli lake, akamfokea baba yake kuhusu shati, akavuka kurudi. Kisha akapata mimba, akajifungua mvulana, na kuvuka kukawa si rahisi tena. Siku moja alipiga simu tukiwa kazini, na Papa Fundi, ambaye hakujua kupunguza sauti ya simu yake, akatusikilizisha wote.

"Papa, mutoto iko na miezi mine. Anacheka sasa. Unangoja aote meno ndiyo umuone?"

"Nitakuja, mama."

"Mto haijafungwa, Papa."

Zaina hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. Papa Fundi aliiweka simu mezani, akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali. Niligundua baadaye kwamba kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akienda beach na kifurushi cha biskuti na nguo ndogo, anakaa mpaka mitumbwi miwili mitatu iondoke, halafu anampa kifurushi abiria anayemfahamu Zaina na kurudi nyumbani kwa miguu. Moyo uliniuma nilipolijua hilo. Bado unaniuma kidogo nikiandika.

Filamu yetu wakati huo ilikuwa inakwisha. Ilikuwa hadithi fupi ya msichana wa maporomoko anayempelekea babu yake chakula, na wavuvi wenyewe ndio waliotuachia tukae kwao mwezi mzima kuchora nguzo zao na vikapu vyao vikubwa vinavyofungwa ndani ya povu. Hawakudai chochote ila kimoja: filamu ikiisha, waione wao kwanza. Tulikuwa tumekubali. Kwa hiyo waamuzi wetu walikuwa watu waliozaliwa juu ya maji, na sehemu ya mwisho ilikuwa msichana na babu yake wakivuka mto kwa mtumbwi, babu amesimama anapiga kasia, msichana amekaa.

Papa Fundi aliisafisha mwenyewe. Ilikuwa nzuri ajabu. Maji yalitiririka, kasia lilichoma na kutoka na matone yake, uso wa msichana ulitulia. Tulipiga makofi. Kisha karatasi zikapelekwa getini kama kawaida.

Mama wa kwanga alitazama, akaomba zirushwe tena, akatazama tena. Alionekana kuona haya.

"Papa Fundi, unisamehe. Hii mutoto anaikala mu kiti."

"Mu kiti namna gani? Iko mu pirogue. Pirogue unaiona."

"Pirogue naona, na mayi naona. Lakini yeye anaikala mu kiti. Mu pirogue kiuno inaenda na mayi, kichwa inabakia. Yeye kichwa yake inaenda na pirogue, sawa chupa mu casier, mu sanduku ya bière." Akatikisa kiuno chake juu ya kigoda, kidogo tu, kushoto na kulia, na kichwa chake hakikusogea. "Bana ya kwetu watacheka."

Papa Fundi alikusanya karatasi, akamshukuru, akarudi ndani. Alimwita Trésor na kumuuliza alichora nini pale kiunoni. Trésor aliitazama brouillon yake, fujo la mistari inayokwenda huku na huku, akainua mabega.

"Mi nilichora tu, Papa. Sijue kama niliwaza."

Mganga hajigangi. Mtu aliyetulazimisha kutwanga na kutambaa alikuwa amesafisha mtumbwi bila kupanda mtumbwi, na kila mtu ndani ya chumba alilijua hilo, yeye wa kwanza.

Alijaribu kukwepa. Alituletea bidon, dumu la njano lililojaa maji, akaweka ubao juu yake, akakaa juu ya ubao na kutuamuru tumtikise. Tulimtikisa. Alianguka upande wa Trésor, kisha upande wangu, kisha na bidon ikaanguka na chumba kikalowa, na tukakimbia kuokoa karatasi huku yeye amekaa sakafuni ndani ya dimbwi. Mama wa kwanga alichungulia.

"Mayi inapaswa kuwa chini yako, Papa. Haipaswi kuwa ndani ya bidon."

"Asante, mama. Nimeelewa."

Jioni hiyo alinipa penseli yake mwenyewe, ile fupi aliyoifunga uzi, akaniwekea brouillon za mtumbwi mbele yangu. Mimi ni mtoto wa Mangobo, hapa hapa Kisangani, nimevuka mto kwa ajili ya harusi, matanga na mihogo. Kiuno changu kilijua. "Safisha wewe," alisema. "Kazi iko ya wavuvi, haiko ya heshima yangu."

Ningeweza kuisafisha kwa siku chache, na angekuwa radhi. Nilimrudishia penseli. Wenzangu walidhani ni adabu, mwanafunzi kutompita mwalimu. Haikuwa adabu. Nilimwambia waziwazi, ingawa hakuna aliyezoea kumwambia mambo waziwazi.

"Papa Fundi, mi nikiisafisha, filamu itaisha. Halafu hautavuka tena. Na mutoto wa Zaina ataota meno."

Nilidhani atanifukuza. Akaichukua penseli, akaiweka sikioni, akatoka bila kufunga mlango.

Kesho yake asubuhi alinikuta getini amevaa shati safi, jambo lililonitia hofu kuliko lolote. Mkononi alikuwa na kifurushi. Mama wa kwanga alikuwa amemwachia dada yake meza. Tukaenda beach watu watatu, naye alitembea polepole kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Mpiga kasia alimshika mkono, akamkalisha katikati. Mama mbele, mimi nyuma yake. Mtumbwi ulikuwa na maji kidogo chini, kama ilivyo mitumbwi yote, na kijana mmoja aliyachota kwa kopo bila kuacha mazungumzo yake. Papa Fundi alizikamata kingo mbili kwa nguvu. Alisoma dua chini ya pumzi. Tulipotoka kwenye maji yaliyotulia na mkondo ukatupokea, mtumbwi ukainama, naye akainama nao, mwili mzima, kichwa na mabega na kila kitu, hasa kama alivyomchora yule msichana. Chupa ndani ya casier. Nikauma midomo nisicheke, na nikaona mama mbele naye mabega yanamtikisika.

"Papa, achia," alisema mpiga kasia. "Ukikamata pirogue sana, inakasirika."

"Nikiachia nitaanguka."

"Ni kwa kukamata ndiyo watu wanaanguka."

Hakuachia. Tulifika katikati ya mto, pale ambapo pande zote mbili ziko mbali sawasawa na hofu haina pa kukimbilia. Baleinière moja, boti kubwa ya mbao yenye injini, ilipita upande wetu wa juu na mawimbi yake yakaja, mtumbwi ukapanda, ukashuka, ukapanda. Nilimwona shingo kwanza. Shingo ililegea. Kisha kidole kimoja kikaondoka ukingoni, na kingine, mpaka mikono yote ikakaa mapajani. Kiuno chake kikubwa kikaanza kwenda na maji, kushoto, kulia, na kofia yake ya kufumwa ikabaki mahali pamoja kama iliyotundikwa kwenye msumari. Mimi nyuma nilikuwa nalia na sijali nani ananiona.

Zaina alikuwa anatwanga sombe uani. Alimwona baba yake akiingia, mchi ukasimama hewani, kisha akauegemeza kwenye kinu taratibu, akaingia ndani na kutoka na kiti, kile kizuri cha wageni.

"Kiti hapana," alisema Papa Fundi. "Nitaikala chini."

Akaketi mkekani. Zaina akamwekea mtoto mapajani, naye mtoto akamvuta ndevu, akacheka, na kweli hakuwa na jino hata moja. Tulikaa mpaka alasiri. Habari za filamu hakuzigusa kabisa, na tulipoondoka alibaki. Alirudi baada ya siku nne, shati limechafuka vizuri.

Alipoketi tena mezani hakuchukua karatasi mpya moja kwa moja. Aliwasha taa, akaweka brouillon ya kwanza ya mtumbwi juu ya kioo na kuitazama. Kisha akaniita.

"Ilikuwa hapa," alisema, akaweka kidole juu ya kiuno cha msichana, ndani ya lile fujo. "Trésor aliiweka tangu mwanzo. Mi nilipita juu yake nikachukua jirani yake."

Aliisafisha upya yote. Haikupelekwa getini mara hii. Mama wa kwanga alisema ataiona na wenzake.

Tuliionyesha katika ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa, madirisha yamezibwa kwa pagne, vitenge vya akina mama, na mabibi wa wavuvi wamekaa mbele kwenye vigoda vyao walivyokuja navyo. Papa Fundi alikaa pembeni, kofia kichwani, Mwislamu pekee ndani ya ukumbi, na alichofanya ni kutotazama filamu hata kidogo. Alitazama watu. Walicheka pa kucheka. Walimkosoa babu kwa fundo moja la kamba, na walikuwa na haki. Kisha ukaja mtumbwi. Pale mbele nikaona vigoda. Bibi mmoja, kisha wa pembeni yake, kisha mstari mzima, viuno vyao vilikuwa vinakwenda kushoto na kulia, kidogo sana, bila wao kujua, na vichwa vyao vimetulia. Papa Fundi alitoa gomu lake mfukoni, akalitazama, akalirudisha. Sijawahi kumwona mtu ameshiba kiasi kile.

Baada ya hapo maisha yalitutawanya bila ubaya. Nilipata kazi Kinshasa, kazi hii hii ya kusafisha, ila sasa kwenye kioo cha kompyuta, na kosa linafutika kwa kugusa tu, jambo ambalo Papa Fundi angelisema vibaya. Wafanyakazi vijana huko wananishangaa nikisimama katikati ya ofisi na kubeba ndoo isiyokuwepo. Nawauliza ilikuwa na lita ngapi.

Mwaka jana nilirudi Kisangani kumsalimu mama yangu, na siku moja ya Ijumaa nilikuwa na ujumbe wa kupeleka Lubunga. Nilishuka beach, nikamsalimu mpiga kasia, nikaingia na kukaa nyuma. Mtumbwi ulikuwa umejaa. Katikati alikuwa mzee aliyekonda, kifurushi cha biskuti mapajani, na alikuwa amelala. Kofia ya kufumwa. Nilimjua kwa kiuno kabla ya kumjua kwa mgongo. Mkondo ulitupokea, mtumbwi ukainama, na mzee akaendelea kulala, kiuno kinakwenda na maji, kichwa kimetulia kama mtu aliye kitandani kwake. Mkono wake wa kulia ulitetemeka kidogo, na nikajua kwamba penseli haishiki tena. Niliumia, halafu nikamtazama usingizi ule na sikuumia sana.

Sikutaka kumwamsha. Lakini baleinière ilipita, mawimbi yakaja, na mimi, baada ya miaka ya viti vya ofisi, nilikamata kingo mbili kwa nguvu zangu zote. Mtumbwi ukayumba.

"Ule mwenye anakamata pirogue kule nyuma," alisema mzee bila kufungua macho, "anaikala mu kiti."

Watu wakacheka.

"Ni mimi, Papa Fundi."

Hakugeuka. Mtu hageuki ovyo ndani ya mtumbwi, naye alikuwa mtu wa mtumbwini sasa.

"Najua ni wewe," alisema. "Nilikusikia tangu beach. Achia, mutoto wangu."

Nikaachia.